Namna ya Kuipanga Upya Kamera ya Onyo la Kuhama Leni Baada ya Kubadilisha Kioo cha Mbele

Fundi mwenzangu aliletewa gari lililokuwa limebadilishwa kioo cha mbele. Mwenye gari alilalamika kwamba onyo la kuhama leni lilikuwa likilia upande wa kulia hata gari likiwa katikati ya leni, ilhali upande wa kushoto lilinyamaza mpaka tairi likanyage rangi. Kompyuta ya gari haikuwa imehifadhi hitilafu yoyote, na kifaa cha uchunguzi kilionyesha kwamba kamera ilikuwa imepangwa kikamilifu. Tulilimaliza tatizo hilo pamoja, na mwongozo huu unafuata utaratibu tulioutumia. Nimeuandika kwa mafundi wanaojua kutoa na kuweka kioo, kwa hiyo sitalieleza suala hilo.

Kwanza ni lazima kuelewa kamera inafanya nini. Hukaa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, na katika kila picha kompyuta hutafuta mahali ambapo lami nyeusi inageuka ghafla kuwa rangi nyeupe au ya njano kisha ikarudi kuwa nyeusi; mifumo ya karibuni huongezea mitandao ya neva iliyofunzwa kwa picha nyingi za barabara. Vipande vya rangi vilivyopatikana huunganishwa kuwa mkunjo mmoja kwa kila upande. Kutokana na mikunjo hiyo kompyuta hukokotoa umbali uliobaki hadi kwenye mstari na kasi ambayo gari linausogelea, na ikiona kwamba muda uliobaki ni mfupi mno, nayo indiketa haijawashwa, hutetemesha usukani au hutoa mlio. Magari mengi hayaonyi mpaka yafikie mwendo wa kilomita 60 kwa saa hivi.

Hesabu zote hizo zinasimama juu ya dhana moja, kwamba kamera inajua imeelekea wapi. Katikati ya miaka ya 2000 Citroën ilitumia sensa za infraredi zilizofungwa chini ya bampa la mbele, zikitazama lami moja kwa moja. Hazikusumbuliwa na suala la pembe, lakini ziliutambua mstari pale tu gari lilipokuwa limeshaufikia. Kamera huona mbali, na gharama ya kuona mbali ni kwamba kosa dogo la pembe hukua kadiri umbali unavyoongezeka.

Hatua ya 1: Kuliandaa gari

Pima upepo wa matairi yote, toa mizigo, weka kiasi cha mafuta kinachotajwa na mtengenezaji, safisha kioo mbele ya kamera ndani na nje, na uunganishe betri kwenye chaja inayodumisha volti, kwa sababu swichi ya gari itakaa imewashwa kwa muda mrefu.

Hatua ya 2: Alaimenti

Usianze kamera kabla ya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, kwa magurudumu yote manne. Ukiirekebisha alaimenti baadaye, kazi ya kamera itakuwa imeharibika. Hakikisha pia kwamba sensa ya pembe ya usukani inasoma sifuri gari linapokwenda moja kwa moja.

Hatua ya 3: Kujua njia inayotakiwa

Mtengenezaji ndiye anayeamua kama kamera itapangwa karakanani kwa ubao wa shabaha (ubao wenye mchoro ambao kamera huutazama ili ijue imeelekea wapi), barabarani kwa kuendesha, au kwa njia zote mbili. Fuata maelekezo ya gari hilo hasa, ya modeli na mwaka wake.

Hatua ya 4: Kuusimamisha ubao wa shabaha

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, na hapa ndipo gari la mwenzangu lilipokuwa limekosewa.

Ubao unatakiwa usimame kwenye mstari wa katikati ya gari ulioendelezwa mbele. Wengi huuanzia kwenye nembo ya mbele au katikati ya bampa, nami nasema wazi kwamba hilo halikubaliki, kwa sababu bampa lililowahi kufunguliwa mara chache hurudi mahali pake kamili, na nembo haikuwekwa ili iwe kipimo. Anzia kwenye magurudumu. Teremsha uzi wenye timazi kutoka katikati ya kitovu cha kila gurudumu la nyuma, weka alama sakafuni kwa utepe, kisha tafuta nusu ya umbali kati ya alama hizo mbili. Fanya vivyo hivyo kwa magurudumu ya mbele. Uzi unaopita juu ya nusu hizo mbili ndio mstari wa katikati. Uvute mbele mpaka upite mahali pa ubao.

Kuna jambo linalowapita wengi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, na yakiwa yamepinda kidogo kwa pamoja, gari hutembea upande kama kaa ingawa usukani umenyooka. Ripoti ya alaimenti huionyesha pembe hiyo. Ikiwa si sifuri, irekebishe kwanza. Ikiwa ekseli ya nyuma hairekebishiki, soma tena maelekezo uone kama mtengenezaji anataka ubao ufuate umbo la gari au mwelekeo halisi wa mwendo.

Umbali wa ubao nao una mtego. Maelekezo mengine hupima kutoka katikati ya ekseli ya mbele, mengine kutoka kwenye bampa, mengine kutoka kwenye kamera yenyewe, na fundi aliyezoea aina moja ya gari huhamishia mazoea yake kwenye aina nyingine bila kujua. Urefu wa ubao upimwe kutoka sakafuni, na sakafu iwe tambarare chini ya gari na chini ya ubao pia. Ili ubao usikae mshazari, pima kutoka kila ncha yake hadi kitovu cha gurudumu la nyuma la upande uleule. Vipimo viwili visipolingana, ugeuze mpaka vilingane.

Wapo wanaosifu leza. Mimi bado nashikilia uzi na timazi, kwani leza iliyowahi kuanguka itaendelea kuchora mstari mzuri uliopotoka, wakati uzi uliolegea unauona kwa macho yako.

Kwa nini kujisumbua hivi? Chukulia ubao uko mita 3 mbele ya kamera na umekaa sentimita 5 pembeni. Hiyo ni karibu digrii 1. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari husafiri karibu mita 28 kila sekunde, na kwa pembe hiyo mfumo utaamini kwamba linaserereka kuelekea upande mmoja kwa karibu nusu mita kila sekunde, ilhali linakwenda moja kwa moja. Gari lenye upana wa mita 1.8 katikati ya leni ya mita 3.5 lina sentimita 85 tu kila upande. Ndiyo maana onyo lilikuwa likilia kulia bila sababu na kuchelewa kushoto. Ubao wa mwenzangu ulikuwa umepangwa kwa kufuata nembo.

Mwisho, ondoa kitu chochote chenye mistari au miraba nyuma ya ubao, na uzuie jua lisiupige moja kwa moja.

Hatua ya 5: Kuendesha programu

Unganisha kifaa cha uchunguzi, chagua kamera ya mbele, fuata skrini, hifadhi. Usifungue milango wala kuliegemea gari wakati programu inafanya kazi.

Hatua ya 6: Kuhakiki barabarani

Ujumbe wa kufaulu kwenye skrini unathibitisha tu kwamba kamera iliuona ubao. Haiwezi kujua kama ubao wenyewe ulikuwa mahali pake. Kamera nyingi hujirekebisha kidogo zenyewe gari linapoendeshwa, ila marekebisho hayo yana mpaka, kwa hiyo usiyategemee yafiche kazi mbaya. Umakini huu ni wa lazima zaidi sasa ambapo kamera ileile inaweza kuugeuza usukani: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/2144, iliyoanza kutumika Julai 2022, imeuleta mfumo wa dharura wa kulibakiza gari kwenye leni katika magari madogo mapya.

Tafuta barabara iliyonyooka, kavu, yenye mistari inayoonekana vizuri na isiyo na magari karibu, wakati ambapo jua haliko chini mbele yako. Ukiwa umepita mwendo wa kuamsha mfumo, sogea taratibu kuelekea mstari wa kulia bila indiketa, rudi katikati, kisha ufanye vivyo hivyo kushoto, huku mtu aliyekaa pembeni akiangalia umbali uliobaki onyo linapotoka. Pande zote mbili zinatakiwa zionye kwa umbali unaokaribiana. Zikitofautiana waziwazi, rudi hatua ya 4, si ya 5.

Onyo likikosekana pande zote mbili, tazama kwanza alama ya mistari kwenye dashibodi. Katika magari mengi alama hiyo hubadilika rangi au hujaa pale kamera inapoitambua mistari. Ikibaki imefifia kwenye rangi iliyochakaa au mvua kubwa, na ikarudi kawaida kwenye mistari mizuri, kamera haina tatizo. Mweleze hivyo mwenye gari na umrudishie funguo.