Kuunganisha kihisi cha MQ-7 na Arduino Uno: hita ndiyo kazi yenyewe

MQ-7 ni kihisi cha gesi ya kaboni monoksaidi. Ya madukani kwa kawaida huja kwenye kibao chenye pini nne: VCC, GND, DO na AO. Ukikipa 5 V kitatoa namba, na namba zitapanda ukisogeza kaa la moto. Usiziamini. Kihisi hiki huenda kwa mzunguko: hita iliyo ndani yake hupewa 5 V kwa sekunde 60 ili kuunguza gesi iliyoganda juu yake, kisha 1.4 V kwa sekunde 90, na hapo ndipo kaboni monoksaidi hunata. Kipimo huchukuliwa mwishoni mwa hizo 90. Vibao vingi vimeunga hita moja kwa moja na VCC, kwa hiyo haipoi kamwe. Tumia kihisi kitupu, bila kibao.

Vifaa vingine: MOSFET (swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu: gate, drain na source) aina ya IRLZ44N, rezista mbili za 10 kΩ, moja ya 220 Ω, na adapta ya 5 V, 1 A.

1. Kihisi kina pini sita, tatu kila upande. Za katikati ni hita (H). Multimita isome karibu 33 Ω kati yake. Pini mbili zilizobaki upande mmoja ni A, za upande wa pili ni B.

2. H moja iende 5 V ya adapta, nyingine kwenye drain ya MOSFET. Source iende GND. Pini 9 ya Uno ipite 220 Ω hadi gate, na 10 kΩ itoke gate hadi GND. Hita hula takriban 150 mA. Pini ya Uno isibebeshwe zaidi ya 20 mA.

3. A ichukue 5 V ya Uno, si ya adapta, ili kipimo kilinganishwe na volti ileile. B iende A0, na 10 kΩ nyingine itoke B hadi GND. GND zote ziungane.

4. Programu:

analogWrite(9, 255); delay(60000);
analogWrite(9, 20); delay(90000);
int s = analogRead(A0);

Namba ya analogWrite ni sehemu ya muda, kati ya 255, ambao hita huwashwa kwa 5 V. Mahali pa 20 wengi huandika 71, kwa kugawanya 1.4 kwa 5. Lakini joto hufuata mraba wa volti: 0.28 × 0.28 ni 0.078, na 0.078 ya 255 ni 20. Ukiweka 71 hita inapata nguvu zaidi ya mara tatu.

5. Acha mzunguko uendeshe saa 48 kabla ya kuamini chochote. Kisha ukinzani wa kihisi, kwa kΩ, ni 10 × (1023.0/s − 1). Usisahau nukta ya 1023.0, la sivyo C++ itakata desimali.

Maswali ya wanachama

Swali: Nimechukua fomula ya ppm (sehemu za gesi kwa milioni za hewa) mtandaoni, inasoma 400 chumbani. Kuna hatari?
Jibu: Fomula ile ni ya kihisi cha mwenzako. Kwenye 100 ppm, MQ-7 moja inaweza kuwa na 2 kΩ na nyingine 20 kΩ. Bila gesi ya kipimo kinachojulikana unaona kupanda na kushuka tu. Pombe na hidrojeni pia huipandisha.

Swali: Ninayo ESP32 badala ya Uno.
Jibu: A iende 3.3 V, hita ibaki 5 V. Soma kwenye GPIO 34; pini za ADC2 (kundi la pili la pini za kusoma volti) hugongana na Wi-Fi. Weka 4095.0 mahali pa 1023.0.

Swali: MOSFET ya IRF520 haifai?
Jibu: Gate yake inataka karibu 10 V ifunguke sawasawa. Kwa 5 V hakuna uhakika.

Swali: Naweza kuiweka chumbani tunapolala na jiko la mkaa?
Jibu: Hapana. Kiwango cha Ulaya, EN 50291, kinataka king'ora kilie ndani ya dakika 3 kwenye 300 ppm. Mzunguko wetu unasoma mara moja kila sekunde 150, tena bila kusawazishwa. Nunua king'ora kilichothibitishwa, na jiko litoke nje.