Piga muziki wa luti wa karne ya 16 na gita yako ya kawaida hapa Uganda

Watu wengi hapa Kampala wanaopiga gita ya nailoni wakisikia luti, ala ya zamani ya nyuzi ya Ulaya, mara ya kwanza wanaipenda kabisa, halafu wanaachana nayo juu ya bei, kwa sababu kuagiza luti nzuri kutoka nje pamoja na usafiri na ushuru ni pesa ya kununua gita kadhaa. Lakini huo muziki wenyewe unaweza kuupiga leo jioni. Luti ni mjukuu wa udi, udi huu huu tunaousikia kwenye taarab, na ule mpangilio wa nyuzi zake uko karibu sana na wa gita, tofauti ni uzi mmoja tu.

Chukua gita ya nyuzi za nailoni, ya chuma haifai hapa, sauti yake ni kali mno. Uzi wa tatu, ule wa G, ushushe nusu toni mpaka F shapu, basi, tayari umepata mpangilio wa luti. Ukiwa na kapo, kile kibano cha shingo ya gita, ibane freti ya tatu, sasa kutoka uzi mnene hadi mwembamba una G, C, F, A, D, G, sawasawa na luti ya kawaida ya wakati ule. Bila kapo pia unaweza kupiga peke yako, lakini mimi napendelea kapo kwa sababu freti zinakuwa karibu karibu na vidole havitanuki sana.

Sasa kusoma. Usitafute nota za kisasa kwanza, nenda moja kwa moja kwenye tablatura za zamani, maandishi yanayoonyesha uzi na freti ya kubana, kwenye tovuti ya IMSLP zipo bure, pakua ukiwa na bando ama waifai ya mtu. Kuna aina mbili utakutana nazo sana. Ya Kifaransa, ambayo Waingereza nao waliitumia, ina herufi: a ni uzi wazi, b freti ya kwanza, c ya pili, hivyo hivyo, unahesabu kuanzia kwenye kapo, na mstari wa juu ni uzi mwembamba. Angalia vizuri, c mara nyingi imechorwa kama r, na j haipo, baada ya i inakuja k. Ya Kiitaliano ina namba, 0 ni uzi wazi, lakini imepinduliwa, mstari wa juu ni uzi mnene, inasumbua siku za mwanzo halafu unazoea.

Anza na vitabu vya mwanzo mwanzo, vya luti ya safu sita (safu mara nyingi ni nyuzi mbili zinazopigwa pamoja kama uzi mmoja). Mchapishaji Attaingnant alichapisha Paris mwaka 1529 vipande vifupi, vingine rahisi kabisa, ila humo mistari ni mitano na uzi wa sita umeandikwa chini ya mistari, usichanganyikiwe. Francesco da Milano, mpiga luti wa Italia aliyefariki 1543, ni mtamu sana lakini mwache kidogo, ngoja vidole vifunguke. Mwingereza John Dowland na wenzake wa mwisho wa karne walikuwa na luti za besi za ziada, hizo besi utazipandisha oktava: kama ni F piga uzi wa nne wazi, kama ni D piga uzi wa tano freti ya pili.

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa hivo soma pole pole. Vile vibendera vya mdundo juu ya mistari vinakuambia tu lini upige kitu kinachofuata, havikuambii kila sauti idumu muda gani, na kibendera kimoja kinaendelea kutawala mpaka kije kingine. Ukipiga herufi na kuinua kidole papo hapo muziki unakatika katika, unasikia vipande vipande. Ule muziki ni sauti mbili tatu zinazozungumza pamoja, sauti ya chini inasubiri huku ya juu inatembea, kwa hivo kidole cha kushoto kikishabana kiache pale pale mpaka utakapokihitaji kwingine. Imba besi kwa mdomo huku unapiga, utajua mara moja wapi umeikata.

Mkono wa kulia kata kucha, tumia nyama ya kidole. Julian Bream aliyeirudisha luti jukwaani katika karne ya 20 alipiga na kucha kama mpiga gita, na alifanya kazi kubwa mno, ila wapiga luti waliokuja baadaye kama Paul O'Dette walirudia ile njia ya kwenye vitabu vya zamani na mimi naona inatoa sauti laini zaidi. Kidole kidogo kiegemee ubao wa gita. Kwenye mistari ya mbio piga gumba chini, kidole cha shahada juu, gumba kwa mdundo mzito, shahada kwa mwepesi, kile kinukta chini ya herufi ndiyo ishara ya shahada. Usisawazishe, uzito na wepesi ndio unafanya dansi isimame, pavana inahesabiwa mbili mbili na galiadi tatu tatu. Wapigaji wa adungu, kinubi cha hapa Uganda, vidole vyao vitaelewa haraka.

Spidi ichague kwa kuangalia sehemu yenye mbio zaidi, hiyo ndiyo ikuamulie, usianze mbio halafu ukwame katikati. Ukialikwa kupiga mahali, omba chumba kidogo, ama maiki moja mbele ya gita, kwenye arusi yenye jenereta hutasikika.

Ukishazoea mtafute mtu wa kwaya anayeimba soprano, mpakue kile kitabu cha nyimbo cha Dowland cha 1597, sauti na luti ziko ukurasa mmoja. Hapo kapo ya freti ya tatu ni lazima, maana mwimbaji anasoma nota zilizoandikiwa luti ya G, ukiiacha utampeleka toni moja na nusu chini ya pale alipo.