Hesabu za uwiano: tambua aina kabla ya kugusa namba

Hatua ya 1: Sawazisha vizio. Hapa Lamu boriti za mikoko huhesabiwa kwa korja, na korja moja ni boriti 20. Swali likitaka uwiano wa korja 3 kwa boriti 15, jibu si 1:5. Ni 60:15, yaani 4:1.

Hatua ya 2: Kugawa kwa uwiano. Jumlisha mafungu kwanza. Zege ya 1:2:4 ina mafungu 7, basi ndoo 35 za vitu vikavu ni simiti 5, mchanga 10, kokoto 20.

Hatua ya 3: Tambua aina. Jiulize: kimoja kikiongezeka mara mbili, cha pili kinakuwaje? Kikiongezeka mara mbili vilevile, andika y = kx, uwiano wa moja kwa moja (k ni namba isiyobadilika). Kikipungua kwa nusu, andika y = k/x, uwiano wa kinyume. Mafundi 6 wakijenga ukuta wa matumbawe kwa siku 10, k = 60, na mafundi 4 watachukua siku 15. Anayekimbilia kuzidisha kwa kupishanisha (10 × 4 ÷ 6) hupata siku 6 na theluthi mbili: mafundi wamepungua, kazi imekwisha mapema! Ndiyo maana nasisitiza k iandikwe kila mara, hata kwenye swali jepesi.

Kikiongezeka bila kufikia mara mbili, huenda uko hatua ya 4.

Hatua ya 4: Sehemu haibadiliki, sehemu inabadilika. Wengi wa kidato cha tatu hukwama hapa. Tuseme mashua ya kukodi kutoka Amu hadi Matondoni ina malipo ya safari yasiyobadilika, na juu yake nauli ya kila abiria. Abiria 8 hulipa jumla ya shilingi 3,400, na abiria 15 hulipa 5,150. Abiria 20 je?

Usigawe 3,400 kwa 8. Utapata 425, na watu 20 watalipa 8,500. Lakini 425 × 15 ni 6,375, wala si 5,150. Hiyo peke yake yatosha kukuonyesha kwamba uwiano si wa moja kwa moja.

Andika G = a + bn: G ni jumla ya malipo, a ni malipo ya safari, b ni nauli ya mtu mmoja, n ni idadi ya abiria. Herufi ziwe mbili tofauti. Ukiandika k kotekote, umelazimisha malipo ya safari na nauli ya mtu mmoja viwe sawa. Herufi mbili zinataka milinganyo miwili, na ndiyo sababu swali hutoa jozi mbili za namba:

a + 8b = 3,400
a + 15b = 5,150

Toa wa juu kutoka wa chini: 7b = 1,750, b = 250. Njia hii ya kutoa ni bora kuliko kuhamisha herufi, maana a hujifuta yenyewe na nafasi za kukosea ishara ni chache. Kisha a = 3,400 − 2,000 = 1,400.

Sasa hakiki, na uhakiki kwa mlinganyo wa pili. Ule wa kwanza ndio uliokupa a, kwa hiyo utakubali hata kama b ina kosa. 1,400 + 3,750 = 5,150, sawa. Abiria 20 watalipa 1,400 + 5,000 = shilingi 6,400.

Angalia maumbo mawili yanayofanana na hili. Sehemu inayobadilika ikiwa kinyume, ni G = a + b/n; ukiondoa mgawanyo wa b/n kwa kuzidisha kwa n, zidisha kila kipande, pamoja na a: Gn = an + b. Na y ikifuata kwa sehemu x na kwa sehemu kipeo chake cha pili, ni y = ax + bx². Hapo hakuna namba inayosimama peke yake, usiiongeze.

Hatua ya 5: Asilimia. P inabadilika moja kwa moja na x, na kinyume na kipeo cha pili cha y. x imeongezeka kwa asilimia 20, y imepungua kwa asilimia 20. Usijumlishe asilimia, tumia vizidishi (1.2 kwa x, 0.8 kwa y): 1.2 ÷ 0.8² = 1.2 ÷ 0.64 = 1.875. Toa 1, ibaki 0.875. P imeongezeka kwa asilimia 87.5.