SOMO: Kuchapa sura yako mwenyewe kwa lino (soma mpaka mwisho ndo uje inboksi)

Wadau habari zenu. Kila muhula ukianza inboksi inajaa swali lilelile, "ticha mbona picha yangu imetoka sio mimi", sasa naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namtumia linki tu. Nafundisha sanaa hapa Bagamoyo na haya ndo tunayofanya darasani, vifaa vingi vya kuungaunga.

Lino kwanza, yaani lile bapa unalochonga picha, ukalipaka wino na kuchapa kwenye karatasi, maana wengi mnauziwa siyo. Lino ya kweli ni mafuta ya kitani na unga wa gome lile la vizibo vya chupa, imegandishwa kwenye kitambaa cha juti. Aliibuni Mwingereza Frederick Walton miaka ya 1860 iwe ya sakafuni, wachoraji wakaidandia baadaye. Geuza nyuma, ukiona nyuzi za gunia ndo yenyewe. Lile zulia la plastiki la kupimiwa kwa mita siyo lino, chini lina sponji, patasi ikipita linachanika tu. Ukikosa kabisa nenda kwa fundi viatu akukatie mpira wa soli ulio tambarare, laini kidogo, unachongeka vizuri.

1. Piga picha. Kaa ubavuni mwa dirisha mwanga uje upande mmoja, flashi zima.

2. Kwenye simu igeuze iwe nyeusi na nyeupe, panda na kontrasti mpaka kijivu kiishe.

3. Hamishia kwenye lino kwa karatasi ya kaboni, IKIWA IMEGEUZWA. Kushoto iwe kulia. Kama kuna maandishi yasomeke kinyume kwenye lino. Narudia, kinyume.

4. Kuchonga. Hapa ndo wengi wanaharibikiwa. Ulichochonga kinabaki cheupe, ulichoacha ndo kinashika wino. Sasa mtu amezoea penseli, anachukua patasi anafuatisha mstari wa jicho, mstari wa pua, mstari wa mdomo, akichapa anapata uso wenye mikwaruzo myeupe kama umepakwa chokaa kwa kijiti. Akishtuka anafanya kosa la pili, anakwangua ngozi yote ibaki nyeupe na mistari myeusi, hapo ndo "sio mimi" inapoanza, maana wewe mweusi umejichapa mzungu! Usichonge mistari, chonga mwanga. Acha uso wote mweusi, halafu tazama picha yako mwanga umegonga wapi: kipaji cha uso, mgongo wa pua, juu ya shavu, mdomo wa chini, kijidoa kwenye mboni. Toa hapo tu, kidogo kidogo kwa patasi ya V, mikato ifuate mviringo wa shavu. Patasi ya U ni ya kusafisha nyuma ya kichwa. Ukiwa na wasiwasi acha, ukichonga hakuna kurudisha.

Na mkono usioshika patasi ukae NYUMA ya patasi, siku zote. Plasta za darasa zinaishia hatua hii. Lino ikiwa ngumu iweke juani dakika chache ilainike, usisukume kwa nguvu, patasi ikiteleza haichagui.

5. Wino kidogo kwenye kioo, tandaza kwa rola mpaka usikie inalia chrrr. Ikiwa kimya wino umezidi, utajaa kwenye mikato myembamba.

6. Pitisha rola yenye wino juu ya lino, laza karatasi nyepesi juu yake, sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko cha mbao, inua pembe moja uchungulie, bandua.

7. Penseli chini: namba kushoto, jina la kazi katikati, saini kulia. Ukiandika 2/10 ni nakala ya pili kati ya kumi.

MASWALI

dogo_kidato3: ticha naomba hatua za kuchapa
— Namba 5 na 6. Ziko juu hapo.

Jezi Namba Tisa: Jina la timu kifuani limetoka kinyume nifanyaje
— Namba 3.
Jezi Namba Tisa: nimesoma ila sijaelewa
— Nimeandika kwa herufi kubwa ndugu yangu. Kifua kichonge chote kibaki cheupe, uso utaokoka.

binti_wa_pwani: Shikamoo mwalimu. Nikijichora kwa kuangalia kioo badala ya picha, bado nageuza?
— Marahaba binti, swali zuri. Hapana, kioo kimeshakugeuza. Ukichora ulivyojiona moja kwa moja kwenye lino, chapa inakugeuza tena, inatoka sura wanayoiona watu. Ndo maana utaiona ngeni kidogo, kovu limehama upande. Iko sawa, usirekebishe.
binti_wa_pwani: Kuna wa kumtazama ili nijifunze?
— Tafuta kazi za John Muafangejo wa Namibia (1943–1987). Lino nyeusi na nyeupe, angalia alivyouacha weusi ufanye kazi.

Kisasa Zaidi: yote ya nini wakati apu inafanya hiyo kwa sekunde mbili
— Tumia apu. Hili somo la lino.

Fundi Milango: Mwalimu niongezee. Patasi butu ndo inakata watu, siyo kali. Msasa namba 1000 na tone la mafuta, malizia kwa kuiburuza kwenye mkanda wa ngozi wa zamani, mwelekeo mmoja tu wa kurudi nyuma.
— Asante sana fundi. Na kuacha pa kuacha, nyie wa milango ndo mnajua kuliko sisi.
Fundi Milango: haha sisi tukikosea mteja analala na mlango wazi

mama_wawili: Wino wangu wa maji unakauka kwenye kioo kabla sijachapa
— Zima feni dada, sogea mbali na dirisha. Glisirini ya duka la dawa, matone mawili matatu, inauchelewesha. Wa mafuta haukauki haraka ila masika utaanika chapa siku nyingi.
mama_wawili: na wa mafuta rola nasafishaje, nimemaliza mafuta ya taa
— Mafuta ya kupikia na gazeti, halafu sabuni ya maji. Usiliache limelala kwenye kioo, litapata bapa.