Kuwinda kulungu ukiwa ulingoni: ninavyofanya hapa Wisconsin

Msimu wa bunduki Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ni siku 9, kuanzia Jumamosi ya kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye lazima apite mafunzo ya usalama wa uwindaji ndipo apate leseni. Fanya hayo mapema, halafu Oktoba nzima iwe ya kutafuta mti wa kuwekea ulingo, yaani jukwaa dogo la kukalia juu.

Wengi huchagua mti unaoona mbali. Mimi nachagua kwa upepo. Kulungu wa mkia mweupe anaamini pua yake kuliko macho, akikunusa, basi. Tafuta wanakopita: nyayo zilizorudiwa, mavi mabichi, miti michanga iliyochubuliwa magome kwa pembe, na hasa mialoni myeupe inayodondosha mbegu. Ulingo ukae upande upepo unakoelekea. Baridi ya Novemba mara nyingi huja na upepo wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo nakaa kusini-mashariki mwa njia yao. Upepo ukigeuka, naenda kwenye ulingo mwingine, hata kama ni siku ya kwanza ya msimu.

Sisi tuliolelewa mashamba ya Handeni tulizoea kuparamia ulingo wa kulindia mahindi bila kamba. Huku usithubutu. Vaa mkanda wa usalama unaoshika mabega na mapaja, uufunge kwenye kamba iliyoning'inizwa toka juu hadi chini, ili uwe umeshikwa tangu mguu unapoacha ardhi. Watu huanguka zaidi wakipanda, wakishuka, au wakihamia toka ngazini kuingia ulingoni. Bunduki ibaki chini bila risasi. Ivute kwa kamba, mdomo ukitazama chini, ukishakaa. Mita 5 zinatosha. Ukizidi sana, risasi inashuka wima mno na huenda ikagusa pafu moja tu.

Tembea ukiwa umevaa nguo nyepesi, koti zito livae ukishafika ulingoni, la sivyo jasho litakugandisha. Rangi ya chungwa inayong'aa, au waridi inayong'aa, ni sheria. Kulungu haitofautishi vizuri na majani.

Ingia giza bado lipo. Kupiga kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Akitokea, usinyanyue bunduki. Atainamisha kichwa kama anakula, kisha akiinue ghafla akutege. Tazama mkia: mara nyingi hutikisika kidogo kabla kichwa hakijainuka. Sogea kichwa kikiwa chini kweli, au kikiwa nyuma ya mti.

Subiri akupe ubavu. Lenga nyuma ya bega, ukifikiria risasi itatokea wapi upande wa pili, maana wewe uko juu. Mimi husema Bismillahi, ndipo navuta.

Usishuke mbio. Kaa nusu saa, kisha ukague damu pale aliposimama. Nyekundu yenye povu ni mapafu, yuko karibu. Nyeusi-nyeusi ni ini, ngoja saa kadhaa. Ukiona uchafu wa kijani ni utumbo. Mwache muda mrefu zaidi, kwani ukimfuata ataamka na kwenda kufia mbali.

Ukimpata, mtoe matumbo hapo hapo nyama ipoe. Msajili kabla ya saa 11 jioni ya kesho yake, kwa simu au intaneti. Peleka kichwa kipimwe CWD, ugonjwa wa kulungu uliogunduliwa jimboni 2002, na nyama ikae kwenye friza hadi majibu yatoke.