Kishikwambi kilichoachwa kutengenezwa: ninavyokipima kabla hela haijatoka mfukoni

Mama mmoja wa Pongwe aliniletea kishikwambi amekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hiki, kijana wangu yuko kidato cha tatu, nimemnunulia cha kusomea."

Kioo cha inchi kumi hakina hata mkwaruzo. Betri inakaa. Spika zinalia vizuri kuliko redio yangu. Nikaingia kwenye mipangilio nikakuta mfumo wa Android 4.4, toleo la zamani sana, nikanyamaza kidogo, maana hela alikuwa ameshaitoa.

Kile kishikwambi kilikuwa kizima kabisa. Tatizo ni kwamba milango aliyotaka kijana kupita, yaani WhatsApp ya darasa, programu za masomo na nusu ya tovuti, ilikuwa imeshafungwa kwa ndani. Fundi hana dawa ya hilo. Ningeweza kumbadilishia kioo, betri, hata mfuniko wa nyuma, lakini mlango uliofungwa na wenye programu siufungui mimi na bisibisi yangu hapa Ngamiani, Tanga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaeleza wateja utaratibu ninaoufuata mwenyewe ninapoletewa kifaa ambacho kampuni imeacha kukitengeneza. Siri yake ni mpangilio: maswali yanayoua biashara kwa dakika moja yaanze, kioo na mapambo yaje mwisho. Wanunuzi wengi hufanya kinyume chake, wanaanza kupapasa kioo.

Hatua ya 1: Taja kazi kabla ya bei

Kitafanya nini? Jibu kwa sentensi moja. "Cha mtoto kusomea" bado si jibu. Kusomea faili za PDF zilizokwisha kuhifadhiwa ndani ni kazi moja, kusomea kwa video za mtandaoni na kundi la WhatsApp ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza hata kizee cha miaka kumi kinaiweza. Ya pili inategemea watu walio mbali ambao kila mwaka wanaamua nani aendelee kuingia na nani abaki nje.

Hatua ya 2: Soma namba ya modeli, jina liache

Majina yanadanganya. Samsung wana "Galaxy Tab A 10.1" mbili. Ya mwaka 2016 ina namba SM-T580, au SM-T585 ikiwa ina laini, na masasisho yake yaliishia Android 8.1. Ya mwaka 2019 ni SM-T510 na SM-T515, nayo ilifika Android 11. Jina moja, inchi zilezile, na muuzaji akiulizwa atasema "ni Tab A hiyo, kaka" na atakuwa hajasema uongo.

Kwa iPad ni hivyohivyo. iPad Air ya 2013 na iPad Air 2 ya 2014 ukizilaza kifudifudi ni kama pacha. Zigeuze uangalie kitufe cha chini: Air 2 ina pete ya chuma inayokizunguka, maana inasoma alama ya kidole. Air ya kwanza haina. Tofauti hiyo ndogo ni kubwa sana kwa mnunuzi, kwa sababu Air ya kwanza ilikwama kwenye mfumo wa iOS 12 na Air 2 ikasogea hadi iPadOS 15, jina jipya la mfumo huohuo kwa iPad. iPad ya kizazi cha sita, ya 2018, inaishia iPadOS 17. Ya kizazi cha saba, ya 2019, inaishia 18.

Namba isome ndani, kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu". Iliyoandikwa mgongoni ni ya mfuniko, na mifuniko sisi mafundi tunaibadilisha kila siku.

Hatua ya 3: Makufuli

Hapa usione haya. Mwambie muuzaji akifute kifaa chote kirudi kama kilivyotoka kiwandani, mbele yako, kisha mkiwashe upya pamoja hadi ufike kwenye ukurasa wa nyumbani. Tangu Android 5.1, kifaa kilichofutwa bila kutoa akaunti ya Google kinaidai akaunti ileile kikiwaka. Apple wana kufuli la namna hiyo tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Muuzaji akikwambia "utaweka akaunti yako ukifika nyumbani", mwambie unaiweka hapahapa, una bando.

Kikiwaka na kuandika kwamba kinasimamiwa na shule au kampuni fulani, kirudishe. Hata ukifute mara kumi, usimamizi ule unarudi kikigusa mtandao.

Na lipo hili la kwetu. Vishikwambi vya Sensa ya 2022, vilivyotufundisha wengi wetu hilo neno lenyewe, baadaye viligawiwa kwa walimu. Ni mali ya serikali. Ukiuziwa kimoja kwa bei ya huruma kijiweni, hapo hujanunua kifaa, umenunua kesi.

Kama kina tundu la laini, kitakuwa na IMEI, yaani namba yake ya utambulisho. Isome kwenye mipangilio, au bonyeza *#06# kama kinapiga simu, kisha tuma zile tarakimu 15 kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Majibu yatakuja na aina ya kifaa. Ukiwa umeshika Samsung na jibu likataja kitu kingine, rudisha, shukuru, ondoka. Vya Wi-Fi peke yake havina IMEI, kwa hiyo hapo dai risiti au walau boksi lenye namba ya kifaa (serial number) inayofanana na ya kwenye mipangilio.

Hatua ya 4: Milango

Hapa ndipo mama wa Pongwe alipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kampuni ikiacha kutengeneza kifaa, hakuna kinachoharibika siku hiyo. Kinaendelea miaka kadhaa kikipokea masasisho, halafu masasisho yanakoma, halafu programu moja moja zinaanza kukikana. Cha kujua ni kipo hatua ipi ya safari hiyo.

WhatsApp iliziacha Android za chini ya 5.0 mwaka 2023. Upande wa iPad, programu yake ilitoka Mei 2025, hivyo iPad iliyokwama iOS 12 haikuwahi hata kuionja. Chrome ni mkali zaidi: toleo la 138 la mwaka 2025 ndilo la mwisho kukubali Android 8 na 9, baada yake inadai Android 10. Ile Tab A ya 2016 ya hatua ya pili imeshabaki nje hapo. Kwenye iPad usijidanganye kwamba utaweka kivinjari kingine ukimbie uzee, kwa sababu huku kwetu vivinjari vya iPad vyote vinatumia injini ya Apple iliyomo ndani ya mfumo. Mfumo ukizeeka, vimezeeka vyote kwa pamoja.

Kuna mlango mwingine hauonekani. Kila tovuti yenye alama ya kufuli ina cheti, yaani kitambulisho chake, na kifaa chako kina orodha ya watoa vyeti kinaowaamini, orodha iliyowekwa tangu kiwandani. Let's Encrypt wanatoa vyeti vya bure kwa tovuti nyingi mno duniani, lakini cheti chao kikuu kinajulikana na Android kuanzia 7.1.1 tu. Cheti cha zamani kilichokuwa kikivibeba vifaa vizee kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021, wakafanya ujanja wa kuvisogeza mbele, nao ujanja ukaisha 2024. Matokeo yake mtu anafungua tovuti, anapata onyo jekundu, analaumu mtandao, anabadili laini, ananunua bando jingine. Mtandao hauna kosa.

Kwa hiyo fanya hivi ukiwa hapohapo kwa muuzaji: washa hotspoti ya simu yako, unganisha, hakikisha tarehe na saa ziko sawa, kisha pakua programu tatu ulizozitaja kwenye hatua ya kwanza. Zipakue kweli na uzifungue. Usiridhike na kuziona tu kwenye orodha. Duka la programu likiandika kuwa kifaa hakioani na toleo hilo, umeshapata jibu, na imekugharimu MB chache.

Msimamo wangu kwa leo: Android chini ya 10 na iPad chini ya iPadOS 15 sizipimi kama vifaa vya mtandaoni. Na programu ya benki au ya pesa za simu siiweki kwenye kifaa ambacho tarehe ya kiraka chake cha usalama, yaani sasisho la kuziba mianya, ina miaka mitatu. Tarehe hiyo imeandikwa kwenye mipangilio, ni suala la kuisoma tu.

Hatua ya 5: Betri, na chumvi ya bahari

Kilaze juu ya meza ya kioo, kizungushe kwa kidole. Kikizunguka kama pia, mgongo umetuna, betri imevimba. Tazama pia ukingo wa kioo dhidi ya mwanga, kama kuna mwanya umeanza kuinuka. Betri iliyovimba usiichaji, usiibonyeze, na usikubali maneno ya "itarudi ikipoa".

Kama ni tambarare, pandisha mwanga hadi mwisho, cheza video iliyohifadhiwa ndani kwa nusu saa huku mkiongea. Ikila zaidi ya asilimia 15, mimi nahesabu betri mpya kwenye bei. Hiki ni kipimo changu cha mezani, fundi mwingine atakuwa na chake.

Sasa betri mpya itoke wapi? Kwa vifaa vilivyoachwa kutengenezwa swali hili linakuja *kabla* ya kununua. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa kwenye boksi, na "mpya" ya kifaa cha 2014 inaweza kuwa imelala rafuni miaka kadhaa. Pita kwa fundi wako na namba ya modeli, muulize betri na kioo vipo Tanga au hadi viagizwe Kariakoo vije na basi hadi stendi ya Kange. Akikuna kichwa, punguza ofa yako au achana nacho.

Kisha tochi kwenye tundu la chaji. Sisi tunaoishi na upepo wa bahari tunajua: kifaa kilichokaa dirishani Raskazone au Pangani kinaota ukijani kwenye vidole vya shaba mle ndani. Ukijani kidogo husafishika. Ukiwa umekula vidole, sistim chaji nzima inabadilishwa, na kwenye vifaa vingine imeunganishwa na ubao mkuu. Chomeka waya, utikise taratibu. Chaji ikikatika na kurudi, umeshajua.

Hatua ya 6: Yaliyobaki, haraka

Fungua programu ya kuchora, pitisha kidole kioo kizima kama unalima matuta. Mstari ukikatika, tachi ina sehemu imekufa. Fungua ukurasa mweupe utafute madoa. Kumbukumbu ya RAM ya GB 2 inatosha kusoma, kwa video na programu mbili kwa pamoja ni mateso. Kamera ya kishikwambi kizee usiipe hata dakika.

Hatua ya 7: Piga hesabu kwa mwezi

Nakupa mfano, bei weka zako. Muuzaji anataka 150,000. Betri na ufundi 45,000, chaja nzuri 15,000. Jumla 210,000. Kwa kazi uliyoitaja, unaona kitakufaa miaka miwili, yaani miezi 24: ni shilingi 8,750 kwa mwezi. Kipya cha 400,000 kikidumu miaka mitano ni kama 6,670 kwa mwezi. Rahisi imekuwa ghali.

Lakini geuza upande wa pili. Mwaka 2011 kampuni ya HP walianza kuuza kishikwambi chao, TouchPad, mwezi Julai, ya GB 16 kwa dola 499.99. Tarehe 18 Agosti, wiki saba baadaye, wakatangaza wanaacha, bei ikaporomoka hadi dola 99 na watu wakazigombania. Walionunua walijua wanachukua kifaa kisicho na kesho, na kwa dola 99 cha kuperuzi na kutazama video kilikuwa halali yao. Baadaye wapenzi wa programu wakakitilia hata Android. Kwa bei ya kwanza kingekuwa hasara, kwa ya pili kikawa sherehe, na kifaa ni kilekile.

Ndiyo maana kuna vizee ninavyovikubali. Mwalimu mstaafu wa Chumbageni nilimpa iPad Air ya kwanza, nimeijaza vitabu vya PDF. Anasoma barazani jioni, herufi anazikuza anavyotaka, mtandao hauhitaji. Kwa madrasa, kwa kusikiliza kisomo kilichohifadhiwa ndani, kwa filamu za watoto safarini kwenda Lushoto, kifaa cha hivyo bado kina maisha. Bei yake tu iwe ya kazi hiyo.

Kile cha mama wa Pongwe nacho tulikitafutia kazi. Nilikiunganisha kwenye kompyuta kwa waya, nikakijaza notisi na mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita, WhatsApp ya darasa ikabaki kwenye simu ya mama. Kijana anasomea hicho hadi leo, ila mama alikilipia bei ya kitu kinachofanya yote.

Ukishapata namba yako ya mwisho, itaje mara moja tu. Muuzaji akigoma, mwambie, "Nashukuru kaka, ngoja nikajipange," kisha ondoka kweli, usisimame mlangoni. Wa kwangu wa mwisho alinipigia kabla sijafika barabara ya pili.