Namna ya Kuandika Kumbukumbu za Wasambazaji wa Magazeti wa Tabora

Waliosambaza magazeti ya kila siku mjini Tabora enzi ambazo furushi lilishuka kwenye treni sasa ni wazee, na wengi wao hawajawahi kuulizwa lolote kuhusu kazi hiyo. Historia ya magazeti yetu imefuata zaidi wahariri na wamiliki, ilhali aliyelifikisha gazeti mitaa ya Isevya, Cheyo au Ng'ambo hatajwi. Mimi niliifanya kazi hiyo ujanani, na maelekezo haya nayaandika kwa yeyote mwenye baba, mjomba au jirani aliyeifanya.

Baada ya kumwamkia na kumweleza nia yako, usianze kwa kumuuliza habari kubwa alizowahi kuuza, kwa kuwa swali hilo litamfanya akusimulie historia ya nchi, ambayo unaweza kuisoma kwingine. Anza na kazi yenyewe: alidamka saa ngapi, furushi alilipokelea wapi, nani alihesabu nakala, na baiskeli ilikuwa ya nani. Kitu kidogo kilichoshikwa kila siku huvuta mengine mengi. Mimi nikikumbuka tu kwamba nakala ya juu na ya chini ya furushi zilikuwa zimekatwa kingo na kamba, hata wateja wakazikataa, hapo hapo namkumbuka fundi cherehani aliyezichukua kwa bei pungufu, mahali alipoketi, na namna alivyosoma kwa sauti ili wenzake wasikie.

Tabora ina jambo lake la pekee, nalo ni reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia ya Mwanza ilikamilika mwaka 1928, hivyo mji huu ukawa njia panda ambapo mabehewa ya Kigoma na ya Mwanza hutenganishwa. Muulize mzee wako kama furushi la Tabora liliwahi kupitilizwa, lilirudije, na alijibu nini kwa wateja waliokwisha kulipia. Muulize pia alifanya nini magazeti ya siku mbili au tatu yalipofika kwa pamoja. Kwetu yalipangwa kwa tarehe kabla ya kutoka, kwa sababu mteja anayefuatilia hadithi ya mfululizo hakubali kurukishwa toleo hata moja.

Miaka husahaulika upesi, kwa hiyo itafute kupitia majina ya magazeti. Gazeti la Uhuru lilianza mwaka 1961. Daily News lilizaliwa mwaka 1972 kwa kuunganishwa The Standard na The Nationalist. Mwananchi lilianza mwaka 2000 na HabariLeo mwaka 2006. Anayekumbuka kugawa The Nationalist, basi, alikuwa kazini kabla ya magazeti hayo mawili kuunganishwa mwaka 1972. Matukio nayo husaidia, kama vile kifo cha Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na kifo cha Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999. Zingatia tu kwamba siku anayoikumbuka ni ile gazeti lilipofika mikononi mwake, si siku ya tukio, nawe usimsahihishe, bali ziandike tarehe zote mbili. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza, na watu bado walinunua. Muulize kwa nini. Jibu la swali hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu humo hujitokeza mji mzima: aliyetaka kuiona picha, aliyetafuta jina lake miongoni mwa walioitwa kwenye usaili, aliyekata tangazo la kazi na kulihifadhi kwenye Biblia au Msahafu.

Fedha zinahitaji subira. Uliza kamisheni ilikatwaje, marejesho, yaani nakala zisizouzwa, yalihesabiwa lini, na nani alibeba hasara ya nakala zilizolowa mvua. Uliza pia magazeti makuukuu yaliishia wapi, maana kufungia karanga na kujalidi madaftari ya shule ni sehemu ya maisha ya gazeti. Ataje madeni akipenda, lakini majina ya wadaiwa usiyaandike. Watoto wao bado wapo mjini.

Usiwasahau waliofanya kazi ya uchapaji. Kiwanda cha uchapaji cha TMP (Tanganyika Mission Press) kule Kipalapala hakikuwa cha gazeti la kila siku, lakini mafundi wake wanaijua kazi ya wino na karatasi, nao wastahili kikao chao.

Rekodi kwa simu, kisha uandike kwa maneno yake mwenyewe. Akichanganya Kinyamwezi, kiache kilivyo na uweke maana kando. Mrudie baada ya siku chache umsomee ulichoandika, kwa kuwa katika kikao hicho cha pili ndipo hukumbuka lile lililosahaulika mwanzoni. Unapotaka kuhakiki toleo fulani, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya magazeti ya zamani. Mwishowe toa nakala tatu: moja ya mzee, moja ya familia yako, na moja uipeleke maktaba ya mkoa, ikiwa na tarehe ya mazungumzo na jina lako kwenye ukurasa wa kwanza.